Kigoda cha Mwalimu wa Vita

Alizaliwa wapi, baba yake nani, ukoo wao ulihama lini, hayo mkawaulize wanawe. Mimi sikuishi na ukoo wake. Niliishi naye yeye, ua kwa ua, hapa Bahi, tangu mashine yangu ya kusaga ilipokuwa ya kukodi mpaka ikawa yangu mwenyewe. Nitasema niliyoyaona. Nikikosea mahali, lawama ipewe kalamu, akili iachwe, maana shule niliishia darasa la nne na mpaka leo sijaona hasara yake.

Watu walimwita Mwalimu wa Vita. Si kwamba alipigana. Mtu yule angepigana na nani, na miguu yake ile kama mipini ya fagio? Alifundisha historia sekondari, na katika historia yote aliyopewa na serikali kufundisha alipenda mahali pamoja tu: zile vita kuu mbili za dunia, na hasa zilivyoanza. Zilivyopiganwa hakujali. Ukimuuliza nani alikuwa na mizinga mikubwa, anapiga miayo. Ukimuuliza nani alimwahidi nani kabla mzinga wa kwanza haujalia, chai yako itapoa mkononi naye bado anaeleza.

Alikuwa na koti moja la kijivu, jua liwake, vumbi lipige. Mfuko wa kulia ulikaa chaki, wa kushoto karanga, na mara kwa mara alitafuna chaki akaandika kwa karanga. Aliandika popote. Ukuta wa mashine yangu aliujaza mishale: huyu rafiki wa yule, yule adui wa huyu. Wanawake waliokuja kusaga walidhani ni ramani ya bomba la maji, wakafurahi, wakaniuliza litapita lini.

Na alikuwa na neno lake. Ukimwambia, "Mwalimu, nitakuja kesho," atauliza, "Mpaka wapi?" Mpaka mlangoni, mpaka sebuleni, mpaka chakula cha mchana? Ukimwambia, "Tuko pamoja," atauliza, "Mpaka wapi?" Bwana harusi mmoja alisimama ukumbini akaapa kumpenda bibi harusi, na sauti ikasikika kutoka meza ya wazee: "Mpaka wapi?" Walimtoa nje. Aliendelea kula huko huko nje.

Neno hilo lilikuja kunigusa mimi, na nusura linivunjie nyumba. Nitafika huko.

Tulijuana kwa ajili ya kamba. Siku hizo nilikuwa napeleka unga shuleni kwa mkokoteni wa punda. Nafika, nakuta darasa zima liko nje, wanafunzi wamefungwa kamba viunoni, mmoja kwa mwenzake, kila mmoja na kipande cha boksi kifuani. Huyu Austria, huyu Serbia, huyu Urusi, huyu Ujerumani, Ufaransa, Uingereza, Italia. Ubelgiji alikuwa msichana mdogo asiye na kamba na mtu isipokuwa kijikamba chembamba, kimechakaa, kutoka kwa Uingereza. Mwalimu akaeleza kwamba kijana mmoja amempiga risasi mtoto wa mfalme wa Austria, mrithi wa kiti, yeye na mkewe, wakiwa matembezini. Austria kakasirika, anamtaka Serbia. Kisha akamsukuma Serbia kwenye mtaro.

Ilikuwa masika. Serbia akaenda na Urusi, maana kamba ni kamba. Austria kamfuata, Austria kamvuta Ujerumani, Urusi kamvuta Ufaransa, Ujerumani alipojaribu kujishika akamparamia Ubelgiji, na kile kijikamba chembamba ambacho kila mtu alidhani kitakatika hakikukatika, kikamleta Uingereza kichwa chini. Mtaro ukajaa. Aliyebaki juu ni Italia peke yake, kijana mjanja aliyekwisha kufungua fundo lake kimya kimya, akawa anatazama upande upi una tope kidogo.

Mkaguzi wa elimu akatokea hapo hapo na gari lake.

"Mwalimu, hiki ni kipindi gani?"

"Historia, mheshimiwa."

"Na hawa?"

"Hawa ni Ulaya."

Mkaguzi akatazama mtaro, akatazama viatu vyake, akarudi garini. Mimi nikamwambia mwalimu kwamba nimelielewa somo lote ila jambo moja: wakati kamba zinafungwa, hao watoto hawakuona mtaro? Alinitazama kama mtu aliyeokota shilingi. Akasema waliuona. Kila mmoja alidhani kamba itamzuia asianguke. Kuanzia siku hiyo akawa anakuja mashineni kila jioni, na hakuwa na kitu cha kusaga.

Sasa lazima niseme juu ya utani, maana bila hilo hamtaelewa kitu. Mimi Mgogo, yeye Mnyamwezi. Zamani misafara ya Wanyamwezi ilipita nchi yetu na mizigo kichwani kwenda pwani, na babu zetu, ambao walikuwa na visima na walikuwa na akili, waliwatoza hongo: unataka maji, unataka njia, toa nguo, toa shanga. Waligombana weee, mwisho wakawa watani. Mtani anakutukana, hukasiriki. Anachukua kitu chako, humdai. Na msiba ukiwa kwako, yeye ndiye mwenye ruhusa ya kufanya upuuzi. Kumpiga mtani ni aibu ambayo wajukuu zako wataisikia.

Mwalimu alinizidi umri, kwa hiyo asubuhi nilimwamkia shikamoo kama inavyotakiwa, na baada ya marahaba nikamtukana kama inavyotakiwa.

"Mpagazi wewe, leo umebeba mzigo wa nani?"

"Wa kwenu. Nimebeba njaa yenu, ni nzito."

Mama yangu alipofariki, Mwalimu alikuja mazikoni na lile koti. Kaburi limechimbwa, sisi tunalia, yeye akashuka shimoni, akalala chali, akakunja mikono kifuani. Akasema, "Pana ubaridi mzuri. Mimi sitoki. Mzikeni bibi kwingine." Mpaka tulipomletea jogoo. Nilikuwa sijala kwa huzuni, nikacheka mpaka nikakaa chini kwenye udongo, na jioni nikala. Hilo sijalisahau.

Msidhani alikuwa malaika. Mtu aliyejua jinsi mataifa yalivyoshindwa kupatana alikuwa hazungumzi na shemeji yake mwenyewe, ndugu wa mkewe, kwa sababu ya baiskeli iliyoazimwa ikarudi bila kengele. Mkewe alipita katikati yao kama balozi, anabeba salamu za huyu asizotuma na majibu ya yule asiyojibu. Alichukia mikataba ya siri, alisema ndiyo iliyoiua Ulaya, na wakati huo huo alikuwa na mkataba wa siri na mke wangu. Nilikuja kuugundua kwa pua. Kila Ijumaa mlenda wangu ulikuwa mchache. Kumbe bakuli linaruka ua kwenda kwake, naye kwa malipo anamfundisha mke wangu kusoma ili asome jumbe za simu yangu bila mimi kujua. Nilipowakamata, mke wangu akasema, "Muulize mwenzio." Mwenzio akasema, "Kifungu cha kwanza cha mkataba wa siri ni kuukana." Akaendelea kula.

Katika bao alikuwa mwizi. Akishinda, anapiga kete kwa kelele mpaka stendi wanasikia. Akianza kushindwa, anainua mkono, anapendekeza amani.

Siku moja nilimkamata pabaya. Tulikuwa tunacheza bao, ananieleza vita ya pili. Anasema Ujerumani ilitaka kipande cha nchi ya Wacheki. Wakubwa wanne wakakaa mezani wakamkatia, na Mcheki mwenyewe wamemkalisha nje kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Ufaransa ilikuwa imemwahidi Mcheki kumlinda. Ikameza mate. Kisha Mjerumani na Mrusi, waliokuwa wanatukanana kila siku, wakapeana mikono na kugawana Poland kwa siri, na hapo Uingereza na Ufaransa ndipo wakasema basi, huyu tumemwahidi, tunaingia.

Nikasema, "Ngoja, Mwalimu. Ile ya kwanza unasema waliangamia kwa sababu kila mtu alitimiza ahadi. Hii ya pili unasema waliangamia kwa sababu watu hawakutimiza ahadi. Sasa unataka wafanyeje?"

Alicheza mchezo mzima bila kuiba. Mwisho akasema, "Ndiyo maana nimekuwa mwalimu, sijawa balozi."

Swali lilimsumbua, niliona. Wiki nzima mishale ya ukutani ilikuwa inafutwa na kuchorwa upya, mpaka mke wangu akaniuliza kama bomba limebadilishwa njia.

Mimi nilikuwa nacheka mambo hayo ya wazungu. Yeye hakuyacheka kama mimi. Kuna siku nilimsimulia habari za bibi yangu, mzaa baba, ambaye alikuwa msichana wakati wa njaa tunayoiita Mtunya, ile ya vita ya kwanza. Askari wa huyu walipita wakachukua ng'ombe na mtama, wakaja askari wa yule wakachukua uliobaki, wanaume wakakamatwa kubeba mizigo, kisha mvua ikakataa. Bibi alisema watu walikula ngozi walizokuwa wanalalia. Babu yangu alirudi na kovu la sanduku la risasi begani, na mpaka anakufa hakujua lilikuwa sanduku la nani.

Mwalimu akasema, "Wa kwangu alibeba pia. Wa upande mwingine, nadhani."

Nikasema, "Kwa hiyo wewe na mimi ni wapagazi wote."

"Ila sisi tulikuwa tumezoea," akasema. Lakini hakucheka. Akasema babu zetu wale walibeba fundo la mwisho la kamba ambayo ilifungwa na watu waliovaa kofia ndefu, mezani, na chai, bila mmoja wao kuuliza inafika wapi. "Ilifika hapa, Mgogo wewe. Ilifika kwa bibi yako."

Sasa dume la shemeji.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mfugaji. Ana dume jekundu la ng'ombe alilolipenda kuliko watoto wake baadhi. Kiangazi mifugo yote inanyweshwa kwenye lambo, na njia ya lambo ni moja, inapita kando ya majaruba ya mpunga. Siku moja dume likaacha njia, likaingia kwenye jaruba la Fundi Baiskeli, mtu mwembamba, mpole, hajawahi kugombana hata na tairi. Siku hiyo mpole akachukua panga. Alisema alitaka kulitisha. Akakata mkia.

Shemeji akampelekea masharti kupitia kwa Kinyozi, maana kwa Kinyozi hupita kila mtu. Fundi aombe radhi mbele ya watu. Fundi alipe mtamba. Na tatu, vijana wa Shemeji waingie majarubani mwa Fundi kila siku kukagua kama kuna panga lililofichwa. Fundi akakubali la kwanza, akakubali la pili, akanung'unika lakini akakubali. La tatu akasema hapana, shambani kwangu nakagua mimi. Shemeji akasema basi amekataa yote.

Mwalimu aliposikia alikaa chini juu ya magunia yangu ya pumba. Akasema, "Masharti haya ndiyo Austria aliyompelekea Serbia, nimeyafundisha maisha yangu yote. Hata lililokataliwa ni lile lile."

Lakini kabla ya kupeleka masharti, Shemeji alikuwa amepita kwangu asubuhi. Akasema, "Shemeji, nikiamua jambo, uko nami?" Nikasema, "Kwa lolote utakalofanya, niko nyuma yako." Nilisema mbele ya watu wa mashineni, kwa sauti. Mimi nimejijenga kwa neno langu. Sikuwa na cheti wala mjomba mjini. Watu waliniamini kwa mahindi yao kwa sababu nikisema, nimesema.

Mambo yakaenda mbio. Wafugaji wakasimama na Shemeji. Wenye majaruba wakasimama na Fundi. Wauza kambale, ambao hawana ng'ombe wala mpunga, wakasimama na Fundi kwa sababu aliwatengenezea baiskeli. Wachoma nyama wakasimama na Shemeji, hilo halihitaji maelezo. Kwaya ya kanisa ikapasuka: besi wafugaji, soprano wake wa wakulima, na Jumapili wimbo ukaimbwa juu tu, hauna chini, kama nyumba inayoelea. Kinyozi alikuwa amewaahidi pande zote mbili. Akawa ananyoa mteja, katikati akasikia ni binamu wa Fundi, na kwenye kiti cha pili kakaa binamu wa Shemeji anamtazama. Akaweka mashine chini. Yule mtu alitembea na nusu kichwa mpaka siku ya amani.

Wanawake wa upande wa Fundi wakaacha kusaga kwangu, wakawa wanapeleka mtama mbali kwa bodaboda. Mke wangu hakuniambia kitu. Alikuwa anapika kwa sauti. Ninyi mliooa mnanielewa.

Fundi na watu wake wakaifunga njia ya lambo. Ng'ombe wa Shemeji hawapiti. Shemeji akatangaza Jumamosi wanapita, Fundi apende asipende. Na ng'ombe walikuwa wameanza kulia kwa kiu, unawasikia kijiji kizima. Fimbo zikachongwa upande mmoja, majembe yakanolewa upande wa pili. Mwenyekiti wa kijiji akapata safari ya ghafla ya Chemba, kumwona mgonjwa ambaye hatukuwahi kumjua.

Ijumaa Mwalimu akaja. Hakunitukana, ndipo nikajua mambo ni makubwa.

"Umemwahidi shemeji yako nini?"

"Niko nyuma yake kwa lolote."

"Mpaka wapi?"

"Usinianzie."

"Nakuuliza kama mtu mzima. Mpaka kumsindikiza? Mpaka fimbo? Mpaka damu ya Fundi, ambaye alikuzibia pancha ukiwa huna kitu? Mpaka mwanao? Kesho mwanao atakuwa mbele, si wewe. Wewe uko nyuma, umesema mwenyewe."

Nikamwambia neno langu halina mpaka, ndiyo maana ni neno langu.

"Ndivyo mfalme wa Ujerumani alivyomwambia mzee wa Austria," akasema. "Kisha akapanda meli yake akaenda kupunga upepo. Alidhani akisema kwa sauti kubwa, hakuna atakayethubutu. Si kwamba alitaka vita, Mgogo. Alitaka aonekane mtu wa neno lake."

Nikamfukuza. Ndiyo, nilimfukuza, na sioni haya. Akatoka. Lakini alipotoka akachukua kigoda changu cha miguu mitatu, alichonichongea marehemu baba, akakiweka kichwani kama mpagazi, akaenda zake. Mtani akichukua, humdai. Nikabaki nimesimama, maana sikuwa na pa kukaa.

Usiku ule sikutafuta usingizi. Nilimtazama mwanangu anavyopaka mafuta fimbo yake na kupiga mluzi. Nikajiuliza, mpaka wapi. Na kurudisha neno siwezi. Mtu anaweza kuwa na mashine ya kusaga na bado akawa ameshikwa vidole.

Asubuhi tukaenda. Shemeji mbele na ng'ombe, vijana na fimbo, mimi nyuma yake kama nilivyoahidi. Fundi na watu wake walikuwa wametangulia, wamesimama na majembe upande wa pili. Na katikati, mahali njia inapobana kati ya tuta la jaruba na miiba, kilikuwa kigoda cha baba yangu. Juu yake koti la kijivu. Ndani ya koti Mwalimu, anakula karanga.

"Mwalimu, toka njiani," Shemeji akasema.

"Hongo."

"Nini?"

"Babu zangu walipita hapa na pembe za ndovu kichwani, ulimi umekauka, mkawatoza mpaka shuka. Leo ni zamu yangu. Hapa hapiti Mgogo, hapiti ng'ombe wa Mgogo, halipiti jembe la Mgogo, bila hongo. Nyote mnanijua. Anayetaka kunipiga anipige, nikawasimulie Tabora."

Pande zote mbili ni Wagogo. Fimbo zikaanza kushuka zenyewe, maana hakuna anayejua kushika fimbo mbele ya mtani. Fundi akasema kwa upole wake, "Mwalimu, jambo hili si la mchezo."

"Nimeona, mkata mikia. Kaa kimya, nakuja kwako. Wewe kijana, umekuja kwa nini?"

"Niko na huyu."

"Na huyu yuko na nani?"

"Niko na kaka."

"Na kaka?"

"Mimi niko na wauza kambale."

"Na ninyi wauza kambale, dume limewalia samaki? Wewe mzee, pale nyuma, mwenye mundu?"

Mzee akakohoa. "Mimi niliona watu wanakuja."

Mtu mmoja akacheka, sijui wa upande gani. Mwalimu hakucheka. Akanitazama mimi. "Na wewe, Mgogo wa mashine?"

Nikasema, "Mimi niko nyuma ya Shemeji." Halafu, na sijui nilitolea wapi, nikaongeza, "Mpaka hapa. Mpaka kwenye kigoda cha baba. Hapo siwezi kupita, baba atanilaani."

Shemeji akageuka kunitazama. Nilimwona usoni amekasirika, na chini ya hasira nikaona mtu aliyepumua. Naye alikuwa anatafuta mahali pa kuishia, maskini.

Wakati huo dume jekundu, ambalo lilikuwa limesikia harufu ya maji na halikujali hongo wala ukoo, likatoka kundini, likamwendea Mwalimu, likamnusa koti, likampita ubavuni, na kile kipande cha mkia kikitikisika hewani kama kidole kinachokataza.

Vijana wa Fundi wakashtuka. Mwalimu akainua mkono. "Mpisheni huyo. Ameshalipa hongo. Kalipa mkia."

Basi. Walikaa chini. Watu wazima walikaa chini kwenye vumbi, wameshika mbavu. Fundi alilia machozi, hata sasa sijui kama yalikuwa ya kicheko yote. Ng'ombe wakapita wote, hakuna aliyewazuia, wakanywa. Mwalimu akatoza mbuzi kwa Shemeji, mbuzi kwa Fundi, na Kinyozi akatozwa kwa kuwa pande mbili: anyoe kijiji kizima bure, akianza na yule wa nusu kichwa. Mbuzi waliliwa palepale. Mtamba akalipwa baadaye, radhi ikaombwa, na la tatu halikutajwa tena na mtu.

Kama mnadhani alinyamaza, hamkumjua. Alijisifu miaka. Alilisimulia kanisani, msikitini, mnadani, kila mara idadi ya majembe ikiongezeka. Na kigoda hakurudisha.

Miguu ilipokataa, binti yake akamchukua kwenda kuishi naye upande wa Mtumba, huko kwenye wizara mpya, ambako anafanya kazi ofisini. Mwaka huu nilikwenda kumwona. Nyumba nzuri, vigae chini, unaogopa kukanyaga. Binti akanipokea, "Shikamoo, baba," akaniambia kwa sauti ya chini nisihuzunike, siku hizi anasahau, jana alimwita yeye mkaguzi wa elimu.

Nikamkuta amekaa mbele ya televisheni. Koti lile lile. Kwenye televisheni wakubwa wa mataifa fulani wamekaa meza ndefu, wanatia saini, wanapeana mikono, wanasema akiguswa mmoja wameguswa wote. Mwalimu ameiinamia televisheni, anaiuliza, "Mpaka wapi? Mpaka wapi, mabwana?" Wakaendelea kutabasamu. Televisheni yenyewe ilikuwa imewekwa juu ya kigoda changu.

Nikamwamkia. Akanitazama muda, uso mtupu.

"Wewe uko upande gani?" akauliza.

Nikasema, "Mimi ni Mgogo. Nimekuja kuchukua kigoda changu, mpagazi mkubwa wewe."

Uso wake ulirudi polepole, kama mtu anayetoka ndani akitafuta viatu. "Lete hongo," akasema.

Nikampa karanga nilizobeba. Akala. Tukakaa. Baadaye akaniambia, bila kunitazama, kwamba lile swali langu la vita ya kwanza na ya pili amelipatia jibu. Nikasema lipi. Akasema, "Lilikuwa zuri sana. Nimelisahau." Tukacheka mpaka binti akaja kuchungulia.

Nilipoinuka kuaga, akanishika mkono, asiniachie. Nikamwambia, "Siku yako ikifika, Mwalimu, nitakuja kukuzika."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka shimoni. Nitashuka mwenyewe, nilale chali, na sitoki mpaka wanao walete mbuzi."

Akafikiri, kama alivyokuwa akifikiria kete. "Wawili," akasema. "Usikubali mmoja."

Kigoda nilikiacha kwake. Kitakuja mazikoni pamoja naye, na nitakihitaji, maana kwa magoti yangu haya siwezi tena kushuka shimoni bila kitu cha kukanyaga.